Hitilafu za Ndege: Fundi Si wa Kwanza Kulaumiwa

Malalamiko kuhusu ndege za Boeing 737 MAX bado yanatufikia, na mengi huishia palepale: mafundi wazembe, wafukuzwe. Hofu hiyo tunaielewa. Watu 346 walifariki katika ajali za Lion Air, Oktoba 2018, na Ethiopian Airlines, Machi 2019, na abiria hana namna ya kuikagua ndege mwenyewe. Lakini kasoro kuu hapo haikuwa ya mkaza bolti. Mfumo wa MCAS, unaoshusha pua ya ndege bila rubani kuuamuru, ulibuniwa kutegemea kihisi kimoja, na marubani wa Lion Air hawakuwa wameambiwa kwamba upo. Mzigo ukawashukia wengine: uzalishaji uliposimama Januari 2020, Spirit AeroSystems ya Wichita, iliyounda viunzi vya ndege hizo, ilitangaza kupunguza wafanyakazi 2,800.

Tukio la Alaska Airlines la Januari 5, 2024 ni tofauti, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Kipande kinachoziba nafasi ya mlango kilichomoka angani. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika kiwanda cha Boeing cha Renton kilifunguliwa ili ribiti zirekebishwe, kikarudishwa bila bolti zake nne, wala hakuna aliyeandika kwamba kilifunguliwa. Bila maandishi hayo, mkaguzi hana cha kukagua. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, iliitaja Boeing kwa kutotoa mafunzo, mwongozo na usimamizi wa kutosha. Jamani, someni ripoti kabla ya kudai kichwa cha mtu! Fundi anayejua kwamba akisema atafukuzwa, atanyamaza, na kasoro itapaa na ndege.

Marekani inamlinda kisheria fundi anayesema tangu 2000. Aliyeripoti hitilafu kisha akafukuzwa, akashushwa cheo au akatishwa ana siku 90 kulalamika kwa OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, kwa mdomo au kwa maandishi. Uchunguzi ukiona ana haki, kampuni huamriwa kumrudisha kazini na kumlipa mishahara aliyokosa. Pingamizi huwasilishwa ndani ya siku 30, lakini halisimamishi amri ya kumrudisha. Akilalamika kwa nia mbaya, anaweza kuamriwa kulipa gharama za wakili zisizozidi dola 1,000. Siku 90 huhesabiwa tangu adhabu ilipotolewa, si tangu hitilafu ilipoonekana.

Kwa kampuni, kila ukiukaji unaweza kutozwa faini peke yake. Septemba 2025 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilipendekeza faini ya zaidi ya dola milioni 3 dhidi ya Boeing. Miongoni mwa madai, mfanyakazi mmoja alimshinikiza mwenzake mwenye mamlaka ya kuidhinisha ndege asaini ili ratiba ya makabidhiano itimie, ingawa huyo aliona ndege haikidhi viwango. Mnapotuuliza kama ndege ni salama, ulizeni pia kilichompata aliyekataa kusaini.