Kutafutiwa mchumba ughaibuni: akina Patel wa Marekani

Katika kazi yangu ya ushauri wa ndoa kwa familia za Kigujarati huko Marekani, vijana huniuliza kama wamsikilize mzazi au wafuate moyo. Kwangu mimi swali hilo limekaa upande. Mzazi anayekutafutia mchumba si lazima awe adui wa mapenzi. Shida iko kwenye chombo anachotumia, kwa sababu kilitengenezewa mahali pengine.

Kule Charotar, eneo la jimbo la Gujarat nchini India, mtu wa ukoo wa Patel hakuoa ndani ya kijiji chake, wala hakuoa popote tu. Vijiji viliungana katika mizunguko iitwayo gol, na mabinti wakaozwa humo. Chanzo kimojawapo kilikuwa fedha. Vijiji sita vyenye hadhi, Karamsad na Nadiad vikiwamo, vilipokea wake kutoka vijiji vya chini yao kwa mahari kubwa (huko anayetoa ni upande wa binti), na wa vijiji hivyo vya chini waliochoka kufilisika wakaamua kupeana mabinti wao kwa wao. Lakini gol ilileta faida nyingine ambayo wazazi wengi hawaisemi: habari. Shangazi aliyeolewa kijiji cha pili alijua kijana gani anakunywa, nani ana mkono mwepesi wa kupiga, na mama mkwe yupi hakaliki naye.

Kisha watu wakatawanyika. Wengine walikuja kwanza Afrika Mashariki, na mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Sheria ya Marekani ya 1965 ilikuwa imeshafuta mgawo wa wahamiaji kwa nchi walikotoka, na familia nyingi zikaishia kuendesha moteli kando ya barabara kuu, mbali na yule shangazi. Pengo lake likazibwa na baiodata, karatasi yenye umri, urefu, shahada, kazi, kijiji cha baba na, sikufichi, wakati mwingine hata rangi ya ngozi. Hakuna mstari unaokueleza mtu huyo hufanya nini akikasirika.

Ndiyo maana binti hukutana na kijana aliyetimiza kila sharti na bado akakosa la kuongea naye, nyumbani wakasema anaringa. Wengine hupenda kwa siri kwa miaka, na siku jambo likifichuka, naona wazazi wanaumizwa na kule kufichwa kuliko kabila la mchumba.

Ushauri wangu ni kwamba kabla baiodata haijaanza kuzunguka, kaeni mkubaliane mambo mawili: kijana ana haki ya kukataa bila kujieleza, na hadaiwi jibu baada ya kikao kimoja cha chai. Halafu wewe kijana, wadadisi wazazi wako kuhusu masharti. Binti wa miaka 24 hutafutiwa mtu wa gol. Akifika 30, Mgujarati yeyote anafaa, tena kwa shukrani. Basi waulize watakachokubali wakati huo, na waombe wakubali hicho leo. Kwa nilivyoona, kijiji ndicho hufutwa kwanza, na dini hubaki hadi mwisho.