Majedwali mawili, mahusiano matatu: maana yake nini?

Kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapa Moshi, ina watu wake na ina safari zake. Ukiitengenezea mfumo wa wavuti unapata majedwali mawili kwenye kanzidata (ghala la taarifa la mfumo): watu na safari. Wengi huchora mstari mmoja kati yake wakaridhika. Ila muulize mtu wa ofisini, "Fulani anahusikaje na safari hii?" Naye atakuuliza, kwa lipi? Kuna aliyepokea bukingi, kuna aliyeongoza, kuna waliobeba mizigo. Mahusiano ni matatu, na kila uhusiano una tabia yake.

Tangu Edgar Codd wa IBM alipoeleza kanzidata za majedwali mwaka 1970, kinachounganisha ni thamani tu: namba ya mtu huandikwa ndani ya mstari wa safari hiyo kwenye jedwali la safari, ikaitwa ufunguo wa kigeni. Safari ina kiongozi mkuu mmoja, naye huongoza nyingi. Basi safuwima moja (nguzo ya jedwali) inatosha, kiongozi_id. Aliyepokea bukingi naye awe na yake, mpokeaji_id. Zote mbili zinaelekea jedwali la watu na hakuna kosa, mradi majina yaseme maana. Mtu_1 na mtu_2 hayasemi kitu. Django, zana ya kujengea mifumo ya wavuti, hugoma kabisa usipovitofautisha viungo hivi kwa related_name (jina la kuvifuata kutoka upande wa mtu), kwa kuwa ukiomba "safari za mtu huyu" haijui unataka alizoongoza au alizopokea. Na ukitaka majina ya wote wawili kwenye ukurasa mmoja, utaliunganisha jedwali la watu mara mbili, kila mara kwa lakabu (jina la muda) tofauti.

Kwa wapagazi, wagumu wa mlimani, mambo yanabadilika. Safari moja ina wengi, na mgumu mmoja ana safari nyingi. Mfumo wangu wa kwanza ulikuwa na mpagazi_1 hadi mpagazi_10. Likaja kundi kubwa, na mtu wa 11 hakuwa na pa kuandikwa; malipo yake yakabaki kwenye daftari. Mtu aliyebeba mzigo hadi kambi ya Barafu hapaswi kukosekana kwenye hesabu kwa sababu ya safuwima.

Dawa yake ni jedwali la tatu. Mimi huliita ushiriki: safari_id, mtu_id, kazi, kilo, malipo. Malipo si sifa ya mtu wala ya safari, ni ya pale walipokutana. Kadhalika kilo, ambazo kwa mpagazi kikomo chake ni 20. Na kazi isikae kwenye jedwali la watu, maana aliyebeba mizigo njia ya Machame mwezi Januari anaweza kuwa mpishi njia ya Marangu mwezi Julai.

Je, kiongozi naye aingie humo? Inawezekana, ila kanuni ya kiongozi mkuu mmoja kwa kila safari utalazimika kuilinda kwa namna nyingine. Mimi humwacha kwenye safuwima yake.

Funguo hizi ziwekee RESTRICT (kataa kufuta kinachotajwa kwingine), kamwe si CASCADE (futa pia kila mstari unaokitaja). Mtu akiacha kazi, mweke kuwa hayupo kazini. Ukimfuta kwa CASCADE, kila safari aliyoongoza inafutika naye, pamoja na malipo ya wagumu wote waliokuwa nyuma yake.