Plaiwudi hubeba, epoksi huzuia: kujenga tangi la samaki la lita 1,500

Karibu kila anayeniuliza kuhusu tangi la plaiwudi huanza na swali moja: mbao zitaoza lini? Jibu langu ni kwamba mbao hazipaswi kuonja maji hata tone. Katika tangi la aina hii kila kitu kina kazi yake. Plaiwudi hubeba mzigo, epoksi (gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa na kuganda vikawa vigumu) huzuia maji, silikoni huziba ukingo wa kioo. Tangi langu la kwanza liliharibika kwa sababu mahali padogo sana niliiachia plaiwudi kazi ya epoksi. Nitalifikia hilo.

Kwanza mzigo. Tangi nililo nalo sasa lina urefu wa sentimita 240 na upana wa 90, na maji hufika kimo cha 70. Urefu huo umetokana na plaiwudi yenyewe: shiti moja huwa na sentimita 244 kwa 122, na ukitoa unene wa kuta mbili za milimita 18 unabaki na 240 ndani, bila kiungo katikati. Hesabu yake ni lita 1,500 na ushei, yaani tani moja na nusu kabla ya mchanga na mawe. Stendi na sakafu lazima viweze kubeba hayo, tena vikiwa vimenyooka sawasawa kwa pimamaji.

Kuta za tangi, hata hivyo, haziujui uzito huo. Kinachozisukuma ni kimo cha maji. Chini kabisa, kila eneo la sentimita 10 kwa 10 husukumwa kwa uzito wa kilo 7. Juu kabisa hakuna kitu. Ukuta mzima wa mbele unabeba karibu kilo 590. Panua tangi kutoka sentimita 90 hadi mita 2 na ukuta huo hautaongezewa hata gramu moja. Ongeza kimo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo anayetaka tangi kubwa namsihi apanue, asipandishe. Samaki wengi nao hufaidi zaidi nafasi ya kwenda na kurudi kuliko ya kupanda na kushuka.

Ukuta mrefu hupenda kupinda katikati, kwenye ukingo wa juu, kwa kuwa huko hauna cha kushikilia. Mimi hulaza mbao pana kuzunguka ukingo wote, kisha naweka nyingine inayovuka katikati kutoka mbele hadi nyuma. Dirisha la kioo nalikata ndani ya shiti moja, na pembe zake naziviringisha kidogo. Fremu iliyoungwa kwa vipande vinne huanza kufunguka kwenye kona.

Sasa epoksi, ambako ndiko subira yote inakoishia. Mbao zina hewa ndani, na zikipata joto hewa hiyo hutanuka na kutoka. Ukipaka asubuhi jua likiwa linapanda, utaona vipovu vidogo, na kila kipovu kikipasuka kinaacha tundu la sindano. Mimi hupaka tabaka la kwanza jioni, joto likishuka, ili mbao zivute epoksi ndani badala ya kuisukuma nje. Mchanganyiko naupima kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, bila kukisia, na nikishakoroga naumwaga kwenye trei pana. Ukibaki kwenye chombo kirefu hujipasha moto wenyewe na kuganda kabla hujaumaliza.

Kona za ndani nazijaza epoksi iliyotiwa unga maalumu wa kuifanya nzito hadi ziwe na mviringo, kisha naweka kitambaa cha faiba juu yake. Tabaka linalofuata nalipaka lililotangulia likiwa bado linanata, ili yashikane. Kama limeshakauka, nalisafisha kwa maji kuondoa utelezi unaojitokeza juu, kisha napiga msasa. Kila tabaka nalitia rangi tofauti na la chini yake. Mahali rola iliporuka panaonekana mara moja.

Lile tangi la kwanza nilikuwa nimelipaka vizuri hivyo hivyo. Siku chache baadaye nikakumbuka bomba la kutolea maji, nikatoboa tundu, nikafunga bomba kwa mpira wake na silikoni. Ukingo wa tundu ulibaki mbao tupu. Plaiwudi hunywa maji zaidi kwenye kingo zake, kwa sababu huko nyuzi zimekatwa na ziko wazi kama mirija. Uvimbe ulijitokeza mbali kabisa na bomba, epoksi ikapasuka juu yake, na kwa siku nyingi nilikuwa natafuta kosa mahali pasipo na kosa. Sasa matundu yote natoboa kabla ya brashi ya kwanza, na kuta za kila tundu nazipaka mara tatu.

Kioo hukaa ndani ya dirisha, si nje, ili maji yenyewe yakigandamize kwenye fremu. Nalaza tangi kifudifudi, napiga msasa epoksi ya ukingo kwa sababu silikoni hukataa kushika pakiwa laini, kisha nashusha kioo juu ya silikoni pana ya sentimita 5. Usiigandamize hadi itoke yote chini ya kioo. Vipande vidogo vya mpira vya milimita 3 vitazuia kioo kisifike kwenye mbao. Chagua silikoni isiyo na dawa ya ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka pembeni kuingia ndani, hivyo upana huo unahitaji wiki kadhaa, hata kama kwa kidole inaonekana tayari.

Kujaza nako hufanywa kwa awamu, bila samaki: sentimita 20, nasubiri siku nzima, kisha 20 nyingine. Mbele navuta uzi uliokazwa kutoka kona hadi kona na kupima ukuta umetoka kiasi gani. Kipimo kikiacha kubadilika na sakafu iliyo chini ya tangi ikabaki kavu kwa wiki mbili, namwaga maji yote, nasuuza, na kujaza mapya.