Je, wajua? Zile siku 21 za kujenga tabia zilianzia kwenye pua

Uingereza, shule zikifunguliwa Septemba, watu wazima nao hupatwa na homa ya kuanza upya: kupunguza sukari, kutembea, kulala mapema. Si ajabu. Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha, kwa takwimu za Marekani, kwamba watu huenda kwenye mazoezi zaidi mwanzo wa wiki, wa mwezi na wa muhula.

Septemba moja nami nilikuwamo. Nilijipangia kutembea nusu saa kila nikitoka kazini, nikatundika kalenda jikoni, kila siku alama ya wino mwekundu. Nilishaambiwa, kama ulivyoambiwa wewe, kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Tarehe 21 nikajiona nimehitimu. Novemba viatu vilikuwa chini ya kitanda.

Hizo siku 21 hazikutoka maabara. Zilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Katika kitabu chake cha 1960 aliandika kwamba mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji, wa pua kwa mfano, huchukua kwa uchache kama siku 21 kuizoea sura yake mpya kwenye kioo. Aliyekatwa mguu naye, alisema, huendelea kuuhisi kwa muda kama huo. Yaani tunazungumzia kuzoea pua! Pua haikuamshi saa kumi na moja alfajiri, wala haikudai uache chapati ya tatu. Umeshapewa, unatembea nayo. Tena Maltz mwenyewe alisema "kwa uchache", maneno yaliyodondoka njiani habari ilipopita mdomo hadi mdomo, ikabaki namba tupu.

Kipimo cha tabia zenyewe kilikuja baadaye sana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua kitendo kimoja cha kula, kunywa au mazoezi, akakifungamanisha na jambo la kila siku, tuseme baada ya kifungua kinywa. Matokeo yaliyochapishwa 2010: mtu wa katikati alihitaji siku 66, wa haraka 18, wa mwisho 254. Kunywa maji kulikaa upesi kuliko mazoezi. Ila wiki 12 ni siku 84, kwa hiyo hizo 254 ni makadirio ya hesabu, na hesabu yenyewe iliwaelezea vizuri watu 39 tu. Hata 66 basi usiitundike ukutani.

Kinachojengeka ni nini hasa? Mwangalie konda wa daladala. Anagonga bodi mara mbili, dereva anaondoa gari bila kugeuka. Dereva mgeni husikia, hufikiri, huchungulia kioo, ndipo aondoke. Kila bodi inapogongwa tena, kufikiri kwake hupungua. Hupungua sana mwanzoni, kisha kidogo kidogo, kama sukari kwenye chai: kijiko cha kwanza kinabadilisha kikombe kizima, cha tano hukijui. Ndiyo maana katika utafiti ule kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Ukisahau kijiko kimoja, chai uliyokwisha kuitia sukari haigeuki chungu. (Kukosa wiki nzima ni habari nyingine.)

Sasa mpe dereva huyo konda anayepiga mluzi. Gari litakaa pale pale, na abiria watatukana.

Konda wangu, yaani ishara yangu ya kuondoka, alikuwa mwanga wa jua. Nilitoka kazini nje kukiwa kweupe, miguu ikaenda. Lakini majira yale ya majani kupukutika, ambayo wengine huyaita vuli ingawa kwetu vuli ni mvua, hula mchana kwa kasi. Mwanzoni mwa Septemba jua la London huzama karibu saa mbili kasoro usiku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na jioni hiyo jua limezama kabla ya saa kumi na moja. Hesabu kuanzia 1 Septemba: siku ya 66 ni 5 Novemba. Konda alishashuka dereva hajaiva.

Mwaka uliofuata nilifunga matembezi kwenye kuvua kitambulisho cha kazi shingoni, kitendo kisichojali jua. Jioni moja ya Desemba nilijikuta kwenye kona ya barabara, giza totoro, kamba za viatu zimefungwa, nisikumbuke kama nimefunga mlango. Nikarudi kuangalia. Nilikuwa nimeufunga.