Okteni ya Juu Pekee Haiongezi Nguvu ya Turbo

Ujumbe unaosambazwa mara kwa mara katika makundi ya gumzo unadai kwamba petroli ya okteni 98 ina nishati zaidi kuliko ya 95, hivyo huongeza nguvu ya gari lolote lenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Sivyo. Okteni hupima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipua yenyewe ndani ya silinda, hitilafu inayoweza kuharibu pistoni. Mkanganyiko unaeleweka, kwani fundi anapoongeza shinikizo la turbo huhitaji okteni ya juu ili injini iwe salama. Lakini nguvu yenyewe hutokana na hewa na mafuta zaidi, ingawa injini zinazojirekebishia zenyewe muda wa kutoa cheche ya kuwasha mafuta zinaweza kufaidika kidogo na okteni ya juu. Soma kitabu cha gari au pima kwa dainamomita, mashine ya kupima nguvu ya injini, na tafadhali usiusambaze ujumbe huo.