Je, wajua kwa nini nguzo ya banda la kuku hukatikia usawa wa ardhi?

Ng'oa nguzo ya uwanja wa kuku iliyopitiwa na misimu kadhaa ya mvua, uitazame kwa makini. Juu bado ni ngumu, hata msumari hautoki kirahisi. Ncha ya chini, iliyozama futi mbili ardhini, nayo mara nyingi ni nzima. Palipolika ni pale mti ulipokutana na udongo. Choma kisu hapo, kinazama kama kwenye mkate.

Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu hutaka maji na hewa kwa pamoja. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi haiozi. Juu ya nguzo hewa ni tele, lakini jua la Tabora hukausha. Chini kabisa unyevu upo, hewa ni haba. Usawa wa ardhi vyote viwili vipo. Kuku nao huongeza: wanaparura mguuni mwa nguzo mpaka panakuwa kishimo, maji yanatuama, kisha kinyesi na maranda hujaa humo na kushika unyevu hata baada ya mvua kukatika.

Kosa huanzia kwenye kununua. Mabanzi ya mninga ni bei nafuu, na muuzaji hadanganyi akisema ni mninga. Ila banzi ni tabaka la nje la gogo, na sehemu kubwa yake ni ule mti mweupe uliokuwa ukipitisha maji mti ulipokuwa hai. Sifa ya mninga ya kudumu ni ya kiini, ile sehemu ya kahawia iliyo ndani. Weupe wake hubunguliwa na wadudu na kuoza upesi kama weupe wa mti mwingine wowote. Mabanzi yafaa kuta za juu. Kwa nguzo tafuta kiini, na ukikuta weupe kwenye sehemu ya chini, uchonge wote kwa shoka. Magome yabanduliwe kila mahali, kwa sababu utitiri mwekundu hujificha chini yake mchana na kutoka usiku kunyonya damu ya kuku.

Kisha mbao zikauke. Zipange kivulini, juu ya matofali, na vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite. Pima ubao mmoja kwenye mizani ya dukani, upime tena baada ya wiki. Uzito usipopungua, umekauka. Kiangazi cha Tabora, Mei hadi Oktoba, ndicho wakati wake. Ukipaka mbao mbichi, mafuta hayana pa kuingia, maji yameshajaa humo.

Kuhusu cha kupaka, vanishi inayong'aa haifai nje. Jua hupenya vanishi isiyo na rangi na kuvunja lignini, gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti. Nyuzi zikilegea, vanishi inabanduka, maji yanaingia chini yake na hayatoki. Kinachofaa ni mafuta yanayozama yakiwa na rangi ya unga ndani yake, maana ile chembe ya rangi ndiyo inayozuia jua. Mchanganyiko wa kwanza: lita 1 ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa (dukani huitwa linsidi), nusu lita ya tapentaini, na gramu 100 hivi za rangi nyekundu ya unga, ile ya kupaka sakafu. Mkono wa pili, tapentaini iwe robo lita tu. Koroga kila mara, rangi hutuama chini ya kopo.

Kwaruza mbao kwa msasa namba 80. Laini kuliko hapo hufunga vinyweleo vya mti. Paka asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo haujaanza kupuliza vumbi. Subiri dakika 20, kisha futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata wiki nzima. Mkono wa pili ni baada ya siku mbili au tatu. Ncha za mbao ndizo zinazonywa maji kwa kasi kuliko ubavu, kwa hiyo zisimamishe ndani ya kopo la mafuta usiku kucha.

Wengi hutumia oili chafu ya gari kwa sababu ni ya bure. Kwa kuku tunaipinga kabisa. Haikauki, ina masizi na chembe za metali kutoka kwenye injini, na kuku hudonoa mbao na kuoga vumbi chini yake. Uchafu huo unaweza kufika kwenye yai. Mti wa kulalia kuku usipakwe kitu chochote, usuguliwe tu na kuviringwa kingo.

Mafuta hayazuii mchwa. Dawa ya hilo ni kuinua nguzo: mguu wa zege unaotokeza sentimita 15 juu ya udongo, sehemu yake ya juu ikiwa na mteremko, na nguzo ishikwe kwa bapa la chuma. Usizamishe nguzo ndani ya zege, maana zege hugeuka kikombe cha maji. Mchwa watapanda bado, lakini njia yao ya udongo itaonekana wazi kwenye zege, na utaibomoa siku hiyohiyo.

Matambara uliyofutia linsidi yatandaze nje yakauke moja moja. Yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Kuku warudi harufu ikiisha, baada ya wiki moja hivi.