Sare ya kazi si bango la kampuni

Wengi huamini kwamba sare ya kazi ni tangazo tu: mwajiri anapachika nembo yake kifuani mwa mfanyakazi, kisha anamtembeza barabarani. Ni kweli, nembo hutangaza. Lakini sare ikichaguliwa vizuri, wa kwanza kunufaika ni yule anayeivaa.

Chukua kizibao cha rangi kali. Mwaka 1964 mafundi wa njia ya reli huko Glasgow, Uskoti, walivishwa rangi ya chungwa inayowaka ili madereva wa treni wawaone kutoka mbali. Rangi hiyo hufanya kazi mchana, kwa kuwa hugeuza miali ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, kuwa mwanga unaoonekana. Usiku haisaidii sana. Hapo kazi ni ya ule utepe wa kijivu ulioshonwa kwenye kizibao, unaourudisha mwanga wa taa za gari kulekule ulikotoka, machoni pa dereva. Kwa hiyo utepe uliochubuka au kujaa matope ni hatari, hata kama nembo bado inapendeza.

Kitambaa nacho si jambo dogo. Poliesta, kitambaa cha nyuzi za plastiki, ikishika moto huyeyuka na kugandia mwilini. Mchomeleaji anahitaji pamba nzito iliyotiwa dawa ya kuzuia moto. Kumvika poliesta kwa sababu nembo hukaa vizuri juu yake ni kosa kubwa.

Mteja naye, akiiona sare, hujua amuulize nani. Na mfanyakazi hachakazi nguo zake za nyumbani kwa grisi, mradi gharama ya sare isikatwe kwenye mshahara wake.